Kelele za Umeme Kwenye Waya wa Moyo

Mgonjwa wa Karatina au Nanyuki ambaye moyo wake unapiga polepole mno mara nyingi hupelekwa Nairobi, takriban kilomita 150 kutoka mji jirani wa Nyeri, kupandikizwa pesimeka, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Swali la kuleta huduma hiyo karibu huanzia mahali ambapo wengi hawatazami: kwenye soketi ya ukutani.

Kwa nini? Daktari hupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa hadi moyoni, akitafuta sehemu yenye ishara safi. Ishara hiyo ni milivolti chache tu. Soketi ina volti 240, na umeme wake hutetema mara 50 kwa sekunde. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ukilegea, mtetemo huo huingia kwenye skrini kama kelele, na daktari anaweza kukosea mahali pa kuacha waya.

Upande mmoja, wapo wanaotegemea vichujio vya mashine. Ni rahisi, lakini kichujio kikali huweza kupotosha umbo la pigo lenyewe.

Upande wa pili, wapo wanaotaka kelele iondolewe kwenye chanzo: ethi moja kwa vifaa vyote, nyaya za stima mbali na za mgonjwa, vifaa visivyohitajika vichomolewe. Hilo linadai fedha na fundi wa vifaa vya tiba kila siku.

Je, msikilizaji, kaunti zinapopanga bajeti za hospitali, nani atauliza kuhusu ethi?