Njia ya Pwani, Hati ya Nani?

Habari ya njia ya kutembea kwa miguu kando ya bahari hapa Mombasa mmeisikia wiki nzima, na michoro yake mmeiona kwenye simu zenu. Hatutairudia. Kinachotutia wasiwasi sisi hapa kituoni ni kile ambacho mchoro hauonyeshi. Ardhi itakayopitiwa na njia hiyo, hati yake iko kwa jina la nani?

Hatuipingi njia. Tunakaa kisiwani, maji yametuzunguka, na bado mtoto wa Majengo akitaka kuiona bahari Jumapili mpaka apande matatu hadi Laithaus, au avuke kwenda ufuo wa Pirates na kurudi na msongamano wa jioni. Watu wetu wanataka pa kupunga upepo, mahali pasipo kiingilio. Kwa sababu tunapataka ndiyo maana tunauliza mapema: hati iko kwa jina la nani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, wala si kaunti. Hapo hapana mzozo. Mzozo uko hatua chache juu yake, pale mawimbi yanapokoma. Hapo ndipo penye hati za watu, na hapo ndipo watu watakapotaka kutembea.

Haya Wapwani tunayajua. Tume ya Ndung'u ilitoa ripoti yake 2004, ikaeleza jinsi ardhi za umma zilivyogawanywa kinyume cha sheria, viwanja vya ufukweni vikiwemo. Zaidi ya miaka 20 imepita. Teremka leo upande wa Nyali au Bamburi utafute kichochoro cha kushukia baharini. Mara nyingi utakuta ukuta kulia, ukuta kushoto, na katikati, pale walipokuwa wakipita wavuvi na madema yao begani, lango la chuma na soja anayekuuliza unakwenda kwa nani. Unakwenda kwa nani! Mtu anakwenda baharini.

Na bustani ya ufukweni ya Mama Ngina je? Shilingi milioni 460 zilitajwa kuitengeneza, na Oktoba 2019 Siku ya Mashujaa ikasherehekewa pale. Bustani imependeza, hilo tunalisema bila kinyongo. Lakini walioambiwa wapishe ujenzi ni wauza mihogo ya kukaanga na madafu, watu wa karai na jiko, ndimu na pilipili kwenye sahani kando. Wakapisha, kila mmoja akatafute pa kuuzia. Safari hii atakayepisha ni nani? Mvuvi na diko lake? Mama wa mihogo tena? Au mwenye ukuta? Miaka yote tumesubiri kumsikia mwenye ukuta akiambiwa apishe, na hatujamsikia.

Kwa hivyo msiridhike na michoro. Kikao cha kutoa maoni kikiitishwa, jaeni ukumbini, na msiende kupiga makofi. Itisheni ramani ya upimaji. Itisheni nambari za viwanja, kimoja kimoja, na kila kimoja ulizeni: hati iko kwa jina la nani?

Msipoitwa, andikeni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba karatasi zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, wala huna haja ya kueleza unazitakia nini. Barua inakubaliwa kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wavuvi, kupitia vikundi vyenu vya usimamizi wa fukwe (BMU), andikeni. Wazee wa Mji wa Kale, andikeni. Nanyi vijana wenye simu, pigeni picha kila lango na kila kufuli lililowekwa kwenye njia ya kwenda baharini, mziambatanishe na barua hizo. Andikeni sasa, kabla tingatinga la kwanza halijafika. Mkiipeleka barua, msiondoke pale mapokezi mpaka karani ameigonga nakala yenu muhuri wenye tarehe, kisha mwanze kuhesabu siku.