Mji Wetu Katika Nyimbo Zetu

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25



Historia ya kwaya mtaisoma kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nimeomba nizungumze juu ya kwaya na mji huu tunaoishi.

Kazi yangu ni ualimu. Nikiwapa wanafunzi insha kuhusu Nairobi, karibu wote huandika juu ya jumba la KICC na simba wa mbugani. Hao ni watoto wa Eastlands, na wengi hawajawahi kuingia KICC. Fundi wa jua kali, mama wa mboga, stendi ya matatu wanayopita kila asubuhi, hawavitaji. Bila kufundishwa na mtu, mtoto ameshaamua kwamba mji uko kwingine.

Tazameni majirani zetu wa Dandora. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipangwa huko viwanja takriban 6,000, vikawekewa maji, na watu wakajijengea nyumba. Mtaa ukagawanywa kwa namba, Phase 1 hadi Phase 5. Miaka hiyo hiyo jaa la taka la jiji likafunguliwa hapo, na kwa watu wengi wa nje jina Dandora likawa na maana ya takataka tu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 wakavuma vijana watatu wa hapo, Kalamashaka, na wimbo wao "Tafsiri Hii". Hawakuupaka mtaa rangi. Waliimba shida zake kwa Kiswahili na Sheng, jinsi watu wanavyosema, na nchi nzima ikasikiliza. Jaa halikuondoka. Lakini kijana wa Dandora aliyeulizwa anatoka wapi sasa alikuwa na jambo lingine la kutaja. Baadaye akaja Juliani, naye wa Dandora, akaimba imani yake kwa lugha hiyo hiyo ya mtaa. (Wazee wangu, najua rapu si chaguo lenu. Nivumilieni.)

Sasa tuje kwetu. Faili la nyimbo za kwaya ninaliweka mimi. Mto Yordani umo, tena mara nyingi. Sayuni imo, Yeriko na kuta zake imo. Mto Nairobi, ambao harufu yake tunaijua sote mvua ikinyesha, haumo. Kwa miaka 25 tumeimba vizuri, soprano hadi besi, juu ya miji ambayo wengi wetu hatutaiona kwa macho.

Wapo wanaosema wimbo wa ibada haufai kutaja stendi ya matatu. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Watunzi wa zaburi walitaja malango na kuta za mji wao, na walipokuwa uhamishoni waliulilia kwa jina. Nathanaeli naye, alipoambiwa habari za Yesu, alianza kwa kuutilia shaka mji aliotoka. Watoto wetu wanaulizwa swali kama lile kila wanapoenda kutafuta kazi na kuandika anwani.

Basi ombi langu ni wimbo mmoja, tuutunge wenyewe mwaka huu wa jubilei. Usiwe wa kuusifu mtaa kwa uongo, maana wanaouishi watatucheka. Utaje maji yanayokosekana na jirani anayekuchotea ndoo. Utaje wafu tuliowachangia na wanafunzi tuliowalipia karo. Akina mama wa alto wanajua mambo ya mtaa huu kuliko mwandishi yeyote wa gazeti, na wao ndio ningependa waanze.

Mwalimu wa kwaya amekubali kuweka sauti zote nne. Daftari la kuandikia maneno litakuwa mezani kwangu baada ya mazoezi ya Jumamosi. Anayependa kuandika kwa Sheng aandike, tutasahihisha pamoja.