Kiha Kinadai Umri wa Mtafiti

Hoja yangu ni kwamba Kiha, lugha ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, kinahitaji mtafiti wa kukishughulikia maisha yake yote ya kazi, na kwamba ukaribu wa lugha hiyo na Kirundi unaizidisha haja hiyo. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, alikipanga katika kundi la D60, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kishubi na Kihangaza. Miaka ya 1970 wanaisimu Derek Nurse na Gérard Philippson walisimamia ukusanyaji wa orodha za maneno ya lugha za Tanzania, kazi yenye thamani kubwa kwa kuonyesha udugu wa lugha. Orodha, hata hivyo, haisemi toni inakaa wapi kitenzi kinapokanushwa. Sarufi ya Kiha ya Lotta Harjula, yenye matini na msamiati, ilitoka 2004 tu.

Wapo wanaosema kwamba Kirundi kimekwisha kuchambuliwa, tena vizuri, tangu sarufi ya A. E. Meeussen ya 1959, basi Kiha tutakipata humo. Ni kweli kwa sehemu. Mha huita mkono ukuboko, lakini sikio ni ugutwi: k ya kiambishi hugeuka g silabi inayofuata inapoanza na konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo Kanuni ya Dahl, na Mrundi huifuata vilevile. Ila mfanano huo ndio mtego wenyewe, kwa kuwa anayeingia Kasulu na sarufi ya Kirundi kichwani husikia anachokitarajia. Toni na urefu wa irabu havionekani katika maandishi ya kawaida, hivyo matini peke yake hayatamsahihisha. Tena Kiha chenyewe si kimoja. Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, zilikuwa tawala mbalimbali. Mzee wa Heru Juu hawezi kuwajibia watu wa Kibondo, ambako wakimbizi wa Burundi wamepokelewa kwa miongo mingi. Ongeza vijana waliokwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakarudi na Kiswahili chao. Kuyatenganisha haya si kazi ya likizo moja.

Hofu kwamba utafiti huu utadhoofisha umoja wa taifa naiheshimu, lakini siikubali. Sera ya Utamaduni ya 1997 yenyewe inahimiza utafiti wa lugha za jamii na uandishi wa kamusi na sarufi zake. Wala Kiswahili hakipotezi kitu: mwalimu wa darasa la kwanza anayejua kwamba mtoto ametoka na umuntu na abantu nyumbani ataelewa kwa nini irabu ya mwanzo ya maneno hayo inajitokeza mbele ya mtu na watu, naye atamfundisha Kiswahili kwa uhakika zaidi.

Wengine wanataka fedha za utafiti ziende kwenye lugha zinazokufa. Nazo zipewe. Lakini ni lugha yenye wasemaji wengi, wa rika zote, inayoturuhusu kuyaona mabadiliko yakitokea: bibi, mama na mjukuu katika kaya moja, wakirekodiwa leo na kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Idara yetu ianze na wanafunzi wazaliwa wa Kibondo na Kasulu, na iwaajiri wakiwa bado vijana.