Mwambieni Kabla Hajakubali

Ninyi mnaofuata somo hili darasani, shikeni ukurasa huu, tusome pamoja pole pole.

Leo tutazungumza habari za mtu anayejitolea. Kujitolea ni kufanya kazi kwa hiari, bila mshahara. Labda mwalimu wa darasa lenu ni mtu wa namna hiyo. Swali letu ni hili: chama kinachotafuta watu wa kujitolea kiwaambie nini kabla hawajakubali?

Tuseme kamati ya kijiji inatafuta mwalimu wa watu wazima. Katibu akamwendea kijana aliyemaliza shule, akamwambia, "Njoo utusaidie kidogo." Kijana akakubali. Juma la kwanza akaona kwamba hiyo "kidogo" ni jioni nne kila juma. Juma la pili akaambiwa anunue chaki kwa fedha yake. Mwezi wa pili hakuonekana tena. Watu wakasema, "Vijana wa siku hizi ni wavivu."

Je, huo ni uvivu? Kijana hakuelezwa kazi aliyoitiwa. Na aliyepata hasara kubwa ni mama mmoja aliyekwisha fika nusu ya kitabu, naye ameanza kusoma jina la mtoto wake. Sasa darasa limefungwa, na huenda akaona haya kuanza tena.

Ahadi ni deni. Lakini mtu atalipaje deni asilolijua kiasi chake? Kwa hiyo chama cho chote kimweleze mtu mambo matano.

La kwanza, kazi yenyewe. Msiseme "kutusaidia" tu. Semeni ni kufundisha, au kuchimba, au kuwatembelea wagonjwa.

La pili, muda. Ni siku gani, saa ngapi, na kazi itakwisha lini.

La tatu, fedha. Mshahara hakuna, lisemwe wazi. Lakini nauli, chakula na vifaa, nani atalipa?

La nne, msaada. Nani atamfundisha kazi? Akipata shida, amwendee nani?

La tano, ugumu na hatari. Hili ndilo watu hulificha. Anayeuguza wagonjwa aambiwe ugonjwa wenyewe, na namna ya kujikinga. Kumficha ni kumdanganya.

Mfano mzuri tunao. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya afya kwa redio, iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakazungumza, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Vikundi vilihitaji viongozi, na viongozi kama 75,000 walifundishwa kabla ya kampeni kuanza. Kazi ilijulikana: kuongoza kikundi. Muda ulijulikana: majuma 12. Kiongozi alijua mwanzo wa kazi yake na mwisho wake.

Sasa tusome tangazo hili. Mmoja wenu alisome kwa sauti.

TANGAZO
Tunatafuta mwalimu mmoja wa darasa la watu wazima.
Kazi: kufundisha kusoma, kuandika na hesabu.
Siku: Jumatatu na Alhamisi, saa 10 mpaka saa 12 jioni.
Muda: miezi 6.
Mshahara: hakuna. Nauli na chaki italipa kamati.
Msaada: atafundishwa siku 3 kabla ya kuanza.
Ugumu: wakati wa masika njia ina matope. Wakati wa mavuno wanafunzi hupungua.
Mwenye swali amwone katibu wa kamati.

Labda mtasema, "Tukieleza yote haya, nani atakuja?" Kweli, huenda wakaja wachache. Lakini atakayekuja amekwisha pima nguvu zake. Na asiyeweza atakataa mapema, bila aibu, nanyi mtapata nafasi ya kumtafuta mwingine kabla darasa halijaanza.

Kumbukeni pia kwamba ninyi wenyewe mwaweza kuitwa. Mtu akikuambia, "Njoo utusaidie," muulize mambo yale matano. Kuuliza si kukosa adabu. Ye yote anayeheshimu jasho lako atakujibu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Taja mambo matano ya kumwambia mtu anayetaka kujitolea.
2. Katika tangazo tulilosoma, nani atalipa nauli?
3. Kijijini kwenu kuna kazi gani ya kujitolea? Andikeni tangazo lake kwa mistari sita au saba, kisha mlisome mbele ya wenzenu.