Mtoto Akiwa Mdogo Tumboni: Umuhimu wa Kipimo cha Dopla

Hotuba ya mkunga kwa wakaazi, siku ya kliniki ya wajawazito



Mkunga akipima tumbo kwa utepe na kukuta ni dogo kuliko wiki za mimba, mara nyingi tunajibiwa: "Kwetu sisi watu ni wadogo." Huenda ni kweli. Wapo watoto wadogo kwa maumbile, na hawana shida yoyote. Lakini wapo walio wadogo kwa sababu kondo la nyuma haliwapi chakula na hewa ya kutosha. Kwa utepe, wawili hawa wanafanana.

Hapo ndipo dopla inasaidia. Hufanywa kwa mashine ya skani, bila sindano wala maumivu. Mnajua honi ya matatu: ikikaribia huwa kali, ikishapita huwa nzito. Mashine hutambua mabadiliko kama hayo katika mawimbi ya sauti yanayogonga damu kwenye mshipa wa kitovu, ikatuonyesha damu inavyotembea.

Mimba ikiwa na afya, damu husonga mbele kuelekea kwenye kondo hata moyo wa mtoto unapopumzika kati ya mapigo. Ikipungua wakati huo, tunamfuatilia mtoto kwa karibu. Ikisimama kabisa, au ikirudi nyuma, anaweza kufia tumboni. Mama hulazwa. Mimba ikiwa bado changa, hudungwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na madaktari huamua wakati wa kumzalisha.

Si kila mjamzito anahitaji dopla. Ni ya mwenye presha, aliyewahi kujifungua mtoto mdogo au mfu, au ambaye tumbo halikui inavyotarajiwa.

Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, anzeni kliniki kabla ya wiki 12. Wiki zisipojulikana vyema, hatuwezi kutofautisha mtoto mdogo na mimba changa. Pili, ukipewa rufaa ya skani, nenda siku uliyoambiwa, ukiwa na kijitabu chako cha mama na mtoto. Akina baba, nauli hiyo itengwe mapema. Tatu, mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.