Uwanja mpya, na wa zamani je?

Msikilizaji, baada ya habari, tutazame suala moja: je, Lubumbashi ijenge uwanja mpya wa mpira katikati ya mji?

Kwanza, tuna nini? Katika komini ya Kenya kuna uwanja wa umma, Kibassa Maliba. Kamalondo kuna uwanja wa klabu ya TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, wenye nafasi ya watu wapatao 18,000. Mazembe na Lupopo, timu zote mbili za mji huu tangu 1939, zikikutana, mji mzima unataka kuingia.

Wanaounga mkono uwanja mpya wana hoja nzito: siku ya mechi, mama mwenye beseni la karanga anaweza kumaliza mzigo kabla ya mapumziko.

Kwa upande wa pili, mkazi wa Luano anauliza: maji, umeme na barabara ya mtaani kwangu vitangoja hadi lini?

Tena tukumbuke: kujenga ni kazi ya miaka, kutunza ni kazi ya kila siku.

Basi swali ninalowaachia ni hili: tukijenga uwanja mpya, nani atautunza, na ule wa zamani wa Kibassa Maliba tutamwachia nani?