Mbegu Katika Kitambaa

Hotuba ya Katibu siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu



Katika miaka hii kumi Chama kimepata ghala na mizani. Lakini leo twapenda kusema juu ya kitambaa chenye unyevu, kwani nacho kimetuokoa.

Mwakumbuka msimu ule tulipogawa mbegu za matango kwa mkopo, mkazipanda mabondeni mwezi wa Juni, na matuta yakakaa matupu. Sisi wa ofisini tulisema ni baridi. Ninyi mlisema ni mbegu mbovu. Ushahidi ulikuwa umekwisha kuoza ardhini, ila deni lilibaki daftarini. Kamati ililifuta, lakini baada ya wengine kuuza mbuzi wao. Kosa lilikuwa letu: tuligawa mbegu pasipo kuzijaribu.

Tangu hapo mbegu haitoki ghalani kabla hatujahesabu 100 na kuzifunga katika kitambaa. Zikiota 85, twagawa. Zikiota 40, twamrudishia aliyetuuzia.

Nanyi nyumbani yafaa mfanye vivyo hivyo. Hapa Usambara, tangu Juni hadi Agosti, udongo una baridi, na mbegu ya tango hutaka joto; ikikawia ardhini huoza. Basi lowekeni mbegu usiku mmoja, mwageni maji, kisha zitandazeni katika kitambaa kilichokamuliwa. Zifunikeni kwa sahani jikoni, karibu na mafiga lakini si juu yake. Msiziache majini, kwani mbegu hupumua. Zitazameni asubuhi na jioni, kitambaa kisikauke. Matango na maboga huweza kuchipua kwa siku tatu au nne. Pilipili hoho hukawia juma moja au zaidi.

Mzizi ukifikia urefu wa punje ya mchele, pandeni jioni ile ile katika udongo uliokwisha kunyweshwa, mkiangalia msiuvunje. Msingoje kesho, maana mbegu iliyochipua haiwezi kulala tena. Zisizochipua ziacheni, afadhali kuzijua jikoni kuliko kuzijua shambani.

Ndugu wanachama, ninyi hupima mazao yenu mbele ya macho yenu, nasi twaona ni haki. Basi mbegu tunazowapa nazo zipimwe vivyo hivyo, na mtu yeyote aombaye kukitazama kitambaa cha ghalani asikataliwe.